Habari za Dunia Alizouliza Baba

Nikiwa mwaka wa pili chuoni Dodoma, nikisomea uhusiano wa kimataifa, baba alikuwa akinipigia simu kila Jumapili kutoka kijijini kwetu, Busi. Alilima alizeti, na redio yake ilimletea habari nyingi za mbali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze, hao wanaopigana huko wanagombea nini hasa?"

Nilimweleza kwa kadiri nilivyofundishwa. Alisikiliza, halafu akauliza kama watoto wa huko wanapata chakula. Hilo darasani hatukuwa tumeligusa.

Alifariki ghafla asubuhi moja nikiwa kwenye mtihani, simu nimeizima. Nilipoiwasha, kaka yangu ndiye aliyeniambia. Nilifika nyumbani magharibi, wameshamzika. Mama alinishika mkono, tukaketi mkekani.

Kesho yake mzee jirani alikuja kunipa pole. Alikaa kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Ile vita imefikia wapi, binti? Baba yako ndiye aliyekuwa akitueleza. Akishaongea na wewe tu, anakuja kwangu: binti yangu kasema hivi na hivi."

Sikuwa nikijua. Miezi yote ile nilidhani naongea na mtu mmoja.

Nilianza kumjibu, lakini sauti ikakatika katikati ya maneno. Mzee akainuka taratibu, akasema, "Basi, mwanangu. Tutaongea siku nyingine."