Kinywa Kisafi

Mchimba makaa ya mawe mmoja mstaafu, wa huku kwetu milimani Kentucky, Marekani, kila alipoingia kliniki alivua kofia kwa vidole ambavyo weusi wa mgodi haukutoka kwenye kucha zake. Vumbi na sigara vilikwisha kuyachosha mapafu yake kabla saratani haijayakuta. Mimi, nesi wake, nilimpa kikopo cha makohozi, tujue bakteria gani wanamletea homa, tuchague dawa. Aligeukia ukutani, akatema kama mwizi, akanirudishia kikopo amekifunika kwa leso. Kila mara maabara walijaribu kuotesha bakteria hao, wasipate hata mmoja. Mwishowe nikanusa wiski.

“Mzee, unasukutua kwa pombe kabla ya kuja?”

“Sasa binti, nije mbele ya mwanamke na kinywa kichafu? Marehemu mama angefufuka anichape!”

“Unawaua wadudu ninaowatafuta!”

“Si nimekupunguzia kazi?” Akacheka mpaka pumzi ikamkatika.

Nilimgombeza wee, hakusikia. Theluji ilipoanza, bintiye alimleta kwa kiti cha magurudumu, kofia imebaki kichwani, hana nguvu ya kuivua. Alitema mbele yangu, bila kugeuka, bila leso. Niliinama karibu yake, nikaitafuta harufu ya wiski. Haikuwepo. Maabara walinipigia simu kwa furaha: safari hii bakteria wameota.