Besi Haijakaa Sawa

Wiki nzima mama cherehani hakuwa na raha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mumewe, mzee aliyestaafu kazi ya kusaga nafaka, alikuwa amenunua spika na sabufa nene ya kuchosha mgongo, akatangaza kwamba sebule sasa ni sinema. Sinema gani jamani. Leo sabufa iko nyuma ya kochi, kesho imeziba mlango wa jikoni. "Besi haijakaa sawa," mzee husema, kisha huihamisha tena.

Halafu fundi redio akaja kumtia ujinga mwingine: weka sabufa pale unapokaa, ufungulie muziki, kisha utambae pembeni mwa ukuta mpaka usikie besi inanguruma zaidi. Hapo ndipo pa kuiweka. Basi mzee mzima akatambaa, makalio juu, mbele ya mteja aliyekuja kupimwa gauni. Akaishia kwenye kona ya cherehani, akapiga sakafu kwa kiganja. "Hapa."

"Hapo ndipo ninapopatia riziki," mkewe akamwambia. Ndiyo kona pekee yenye dirisha, na bila mwanga uzi hauingii kwenye sindano. Mzee akatabasamu, akajibu, "Ahsante." Ndizo zake siku hizi: unamsemesha, anajifanya hasikii, au anakubali jambo ambalo hukumuuliza. Inachosha.

Mteja akaaga bila kupimwa, vidole masikioni. Mama cherehani akaona sasa yamemfika shingoni. Akaenda ukutani, akazima umeme wa kila kitu. Nyumba ikanyamaza. Mzee bado alikuwa amekaa sakafuni, amempa mgongo, kifua kwenye ukuta.

"Umeme umekatika?" akauliza.

"Nimezima mimi. Leo utanisikiliza. Uchague, mimi au hilo sanduku lako."

Mzee akangoja kidogo. "Mama, umeme umekatika?" akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili.

Alipogeuka akamkuta amesimama hatua mbili nyuma yake, akashtuka. "Kumbe uko hapa."

Mama cherehani akachuchumaa mbele yake. "Tangu lini?"

Mzee alimtazama midomo, si macho. "Muda sasa. Ile mashine ya kusaga imeniachia haya. Maneno yananipita, lakini besi naipata hapa," akajigusa kifuani. "Usiwaambie watoto."

Mama cherehani bado alikuwa na hasira, tena nyingi, ila hakujua tena amkasirikie nani. Akainuka, akazunguka cherehani, akaishika upande wa dirishani.

"Shika huko, tuipishe sabufa," akasema.

Mzee alikuwa anaangalia sakafu. Mkewe akaiacha cherehani, akarudi mpaka mbele ya uso wake, akamwambia tena polepole.