Mwalimu Mwenye Mtoto Mchanga

Naikumbuka vizuri Jumatatu ile, mwanangu, niliporudi shuleni baada ya likizo ya uzazi. Ilikuwa miaka ya sabini, nikifundisha shule moja ya msingi upande wa Tawa. Mtoto wangu wa kwanza, Mutua, nilimwachia mama mkwe, nikaondoka nikigeuka nyuma kila hatua.

Kazi niliyoipenda niliikuta imekuwa shubiri. Darasa langu la saba lilikuwa limepewa mwalimu mwingine, mimi nikasukumiwa vipindi vya hapa na pale. Hayo ningeyameza. Lakini nyumbani hapakuwa mbali, ni kuvuka bonde tu, nikamwomba mwalimu mkuu niwe naenda kunyonyesha wakati wa mapumziko. Akajibu bila kuinua macho, "Mwalimu, hapa ni shule, si kliniki."

Nikanyamaza. Sisi tulilelewa kwamba mwanamke mwenye adabu haombi mara mbili.

Basi nikawa nafundisha kifua kikiuma, nimevaa sweta kwenye jua la Ukambani ili watoto wasione gauni lililolowa. Jioni namkuta Mutua amelia mpaka sauti imekauka. Uji aliukataa, maziwa ya ng'ombe yakamharisha. Akaanza kukonda. Baba yake alikuwa kazini Mombasa. Siku moja nilifika nyumbani nikatupa mkoba chini.

"Mwaitu," nikamwambia mama mkwe, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "kesho siendi. Naacha kazi."

Alikuwa mpole, huyo. Hata kuku aliwaita kwa sauti ya chini. Siku hiyo alinikazia macho.

"Umemwambia huyo mtu kwamba mtoto anakonda?"

"Nilimwomba ruhusa, akakataa."

"Sikuulizi kama uliomba. Umemwambia?"

Akaniwekea Mutua mapajani, akanisimulia jambo ambalo hata mume wangu hakulijua. Wakati wa mkoloni walilazimishwa kuchimba matuta mlimani. Binti yake wa kwanza alilazwa kivulini, mgonjwa, analia, naye akaogopa kumwambia mnyapara.

"Nilikuwa na adabu," akasema. "Nikamzika nikiwa na adabu."

Asubuhi tulienda pamoja, yeye amembeba mtoto. Nilimweleza mwalimu mkuu yote. Mama mkwe alifunua leso tu. Yule bwana aliitazama miguu ile myembamba kwa muda mrefu.

"Mbona hukuniambia hivi?" akauliza, safari hii kwa upole.

Tangu siku hiyo nilienda kunyonyesha, na mtoto akarudisha mwili. Darasa langu sikurudishiwa, mwanangu, sitakudanganya. Kazi pale haikunikolea tena. Nilivumilia huku nikiomba uhamisho, na nilipoupata wa kwenda Kikima, Mutua alikuwa tayari anakimbia.

Sasa wewe uliyerudi kazini ukauacha moyo kwa mtoto, sikia. Usiiache kazi kwa hasira, maana hasira ni hasara. Lakini usinyamaze pia. Mficha uchi hazai. Sema kinachokuuma, kwa heshima, mpaka kieleweke, na ukiwa na mtu wa kukusindikiza, usiende peke yako. Wakikataa kabisa, tafuta mlango mwingine kabla ya kuufunga huo.

Mungu akupe kinywa cha kusema na nguvu ya kungoja. Mwanao anenepe, akue, aje akutunze uzeeni, na siku yako ikifika, yeye ndiye akuzike.