Asubuhi ya Kumjaribu Akinyi Masikio

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, huko Macalder, mama alimzaa mdogo wangu Akinyi. Kwetu mtoto wa kike alitolewa nje siku ya tatu, na siku hiyo bibi yetu, tuliyemwita Dani, aligonga jembe kwa jiwe nyuma ya kichwa cha mtoto. Asiposhtuka, ilisemwa mizimu imemziba masikio kwa kosa la mama yake.

Mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Shangazi zangu walitaka baba, aliyefanya kazi mgodini, amrudishe mama kwao. Walingoja sababu tu.

Nami nilijua jambo. Siku moja kabla ya jembe kugongwa, sufuria iliniponyoka karibu na kitanda. Kuku walitawanyika, Akinyi hakupepesa hata jicho. Mama alinitazama, akasema polepole, "Usimwambie mtu."

Asubuhi ya jembe nilipewa Akinyi nimpakate mlangoni. Dani akagonga. Mtoto kimya. Shangazi mmoja akaguna, "Gonga tena."

Mama alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Jembe lilipolia mara ya pili, nilimfinya Akinyi kisigino chini ya shuka kwa nguvu zangu zote. Akapiga kelele, na vigelegele vikafuata.

Nilijiona shujaa. Lakini kwa kuwa wote waliamini anasikia, Akinyi alipokua alionekana mkaidi. Aliitwa, hakuja, akachapwa. Alikatazwa moto, akausogelea, akachapwa. Miaka mitatu mimi na mama tulitazama, tusithubutu kulitaja hata tulipokuwa wawili tu.

Siku moja Dani alishika fimbo. "Nimemwita mara nne huyu!"

Nikajitupa kati yao. "Dani, hasikii. Hajawahi kusikia. Siku ile nilimfinya."

Nilingoja fimbo inishukie mimi. Badala yake Dani aliketi chini, akamvuta Akinyi mapajani, akagonganisha viganja nyuma ya kichwa cha mtoto. Mara moja. Mara mbili. Akinyi hakugeuka. Dani akalia. "Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "nimekuwa nikikupigia nini?"

Mama hakufukuzwa. Labda hata siku ile ya jembe asingefukuzwa; sitajua. Siku nyingi hujiambia kwamba nilimwokoa mama, na huenda ni kweli. Ila viboko vilikuwa vya Akinyi.

Leo sote wawili ni watu wazima, na tunazungumza kwa mikono, mambo mengi, hadi tunacheka. Lakini siri ya kisigino, iliyomletea viboko, bado sijamweleza.