Mkono wa Sikudhani

Sadallah hajapata kusikia sauti yoyote tangu azaliwe, na dada yake Sikudhani ni vivyo hivyo. Walikulia Mahege, watoto wawili viziwi katika nyumba ya watu wanaosikia. Hakuna aliyewapeleka shule ya viziwi, basi wakajitungia lugha yao ya mikono. Kila mtu kijijini alikuwa na ishara yake: mwalimu wa madrasa alikuwa kidole kinachokuna sikio, mama yao alikuwa kiganja kinachopapasa shavu. Lugha hiyo ilikuwa na wasemaji wawili tu.

Walipokua, Sadallah alihamia Ikwiriri akawa fundi wa vitanda, akamwoa Biasha, ambaye anasikia. Sikudhani aliolewa na Shaabani, fundi ujenzi, wakaenda kuishi Tunduru. Wakawa wanaonana kwenye misiba tu, mpaka Shaabani alipopata simu mbili za tachi zilizokwishatumika. Moja akampa mkewe, nyingine akaituma Ikwiriri. Tangu hapo, kila baada ya sala ya alasiri, Sadallah aliweka randa pembeni, akaiegemeza simu kwenye tendegu, na mikono ya dada yake ikatokea kwenye kioo. Biasha alikuwa akimsikia akicheka peke yake huko karakana.

Waliongea hivyo miaka sita. Kisha, mwezi wa tatu, ile programu ya kupigiana kwa video ikakataa kufunguka. Simu ya Sikudhani nayo, wiki ile ile. Biasha alikwenda na ya mumewe kwa Saidy, fundi simu wa stendi, ambaye alikaa nayo kutwa nzima.

"Mama, simu haina ubovu," Saidy alimwambia. "Imezeeka tu. Walioitengeneza wameshaacha kuiletea masasisho, na hii programu haikubali tena simu za zamani namna hii. Hata ukiipeleka Dar watakwambia hivi hivi."

Kazi ikawa kumweleza Sadallah. Tochi inawaka, kamera inapiga picha. Yeye hakuelewa kitu kizima kinakataaje kazi. Alitoa betri, akaifuta kwa shati, akairudisha, akajaribu tena.

Alipanga kununua nyingine akivuna mpunga wake wa shambani Chumbi, lakini mwaka huo mto ulifurika na mpunga ukaozea majini. Kuazima simu ya jirani hakuna aliyekufikiria, maana hapakuwa na haraka. Kila Ijumaa Biasha alimpigia Shaabani kwa kitochi chake, simu ndogo ya vitufe.

"Mzima, shemeji, anawasalimu," Shaabani alisema. Biasha alimgeukia mumewe, akamwonyesha dole gumba. Hizo ndizo zilikuwa habari za wiki nzima.

Mwezi wa sita Shaabani alisema mkewe amekuja na habari za sisimizi. Kila siku anamwonyesha sisimizi kwa vidole, naye ameshapuliza dawa nyumba nzima, bado analalamika. Biasha, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameokota ishara za kumtosha, alimfikishia mumewe: sisimizi, nyumba, dawa. Sadallah alitabasamu, akashauri wamwage majivu kizingitini. Ushauri ukafika Tunduru.

Wiki tatu baadaye Shaabani alipiga siku isiyo Ijumaa. Sikudhani alikuwa ameanguka akichota maji kisimani. Kiharusi, upande wa kulia wote hausogei.

Kesho yake alfajiri Sadallah na Biasha walipanda basi la kusini. Walimkuta amelazwa ukumbini kwake, amerudishwa kutoka hospitali. Alipomwona kaka yake, aliinua mkono wa kushoto, akatembeza vidole vyake juu ya ule wa kulia, kuanzia kwenye kucha mpaka begani. Akarudia mara tatu.

Sadallah alikaa chini. Walipokuwa watoto, mmoja akilalia mkono hadi ukafa ganzi, walisema sisimizi wanapita. Shaabani aliona vidole vinavyotembea, hakujua kuangalia vinatembea wapi.

Sadallah alimgeukia mkewe, akamwambia polepole, kwa ishara alizojua anazifahamu, kisha akamwonyesha Shaabani kwa kidole, amfikishie. Biasha alimgeukia Shaabani, akasema.

"Shemeji, hawakuwa sisimizi wa nyumbani. Alikuwa anakwambia mkono wake unakufa ganzi."

Shaabani aliutazama ule mkono.

"Mimi nilipuliza dawa," alisema.

Hakuna aliyemlaumu. Sadallah alimshika bega, akamwonyesha kizingiti, akajigusa kifua: na mimi nilisema majivu.

Siku hizi ndugu hao wote wawili wana simu zinazokubali. Sadallah aliuza msumeno wake mkubwa kupata ya kwake. Baada ya alasiri bado wanaonana, lakini mazungumzo ni mafupi. Maneno yao mengi yalihitaji mikono miwili, na sasa kila neno linakuja nusu. Baadhi Sadallah anayakisia. Mengine hayapati kabisa, hata dada yake akimrudishia mara ngapi, na mwisho yeye huitikia kwa kichwa ili asimchoshe. Sikudhani akiona kichwa hicho hunyamazisha mkono, akautuliza juu ya khanga. Anakijua. Ndivyo watu wa Mahege walivyokuwa wakiwaitikia tangu utotoni, bila kuwaelewa.