Pua Niliyorudi Nayo kutoka Kasongo

Mwanangu, ukinigusa pua leo, nitakusikia kwenye paji la uso. Inzi akitua kwenye ncha ya pua, mkono wangu unakwenda juu kumfukuza, karibu na nywele, mahali ambapo hakuna kitu. Nikisujudu, mkeka naugusa mara moja, lakini paji linausikia mara mbili. Sikwambii haya ili kukutisha. Iko siku moja ya ujana wangu na siku nyingine ya uzee wangu, na kati yake kuna jambo ambalo ningependa ulijue kabla halijakupata.

Ile ya ujana ni hii. Tulikuwa tunachemsha mawese nyumbani, hapa upande wa Wamaza, nami nilikuwa kijana wa haraka. Mafuta yaliruka kutoka kwenye pipa yakanishika puani. Yaya Salima, dada yangu mkubwa, ndiye aliyenishika kichwa, akaniosha, akanipaka dawa, na kila nilipopeleka kidole pale alinikemea.

"Acha mukono. Kidonda haitaki kuulizwa kila saa."

Kilipona, kikaacha kovu gumu upande wa kushoto, limepinda kama ukucha.

Baadaye, tukiwa watu wazima, wale inzi weusi wadogo wa mtoni walimletea Yaya ugonjwa wa macho, kama walivyowaletea wengi wa rika lake, akapofuka. Tangu hapo nyumba yetu ikawa na desturi yake. Anayeingia kwake hasemi. Anaketi mbele yake, anampa uso, naye anapitisha vidole mpaka ataje jina. Ukijitaja wewe mwenyewe anakasirika: "Nimekuuliza?" Kwangu mimi hakuhangaika. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye kovu. "Saidi. Umechelewa, bukari imepoa," akasema, akinisogezea ugali.

Uzeeni kovu lilifunguka. Kilikuwa kidonda kidogo tu. Kikakauka, kikafunguka tena, kikaanza kutoa harufu. Muuguzi wa kituo chetu cha afya alinitazama akaniambia kwamba kidonda kinachoota juu ya kovu la zamani hakisubiriwi, niende hospitali ya Kasongo. Nikapanda pikipiki. Huko walikata kipande, kikapelekwa kuchunguzwa, na majibu yakaja: saratani ya ngozi. Ilibidi upande mkubwa wa pua uondolewe, na kovu likaenda nao.

Daktari aliyekuja kutujengea wagonjwa pua upya alinieleza polepole. Angechukua ngozi ya paji, aigeuze kuelekea chini, aishone penye tundu. Ila asingeikata yote. Angeiacha imeshikamana kwenye nyusi kama mkanda, iendelee kupata damu ya paji, mpaka pale puani ishike na kujilisha yenyewe. Ndipo mkanda ukatwe. Sasa, mimi nilikuwa na alama ya sijda, nyeusi na ngumu, kama aliyokuwa nayo marehemu baba yetu.

"Na alama hii, dokta?"

"Itashuka nayo, papa," akasema, kama mtu anayekuelekeza barabara.

Tulikuwa wazee kadhaa wodini, wote na kazi hiyohiyo usoni. Mchana tulikaa uani kwenye benchi, kila mmoja na mkanda wake wa ngozi kutoka paji hadi pua. Jirani yangu alikuwa Mama Feza, mkulima wa vijiji vya karibu, Mkristo, mtu wa mzaha.

"Papa Saidi, leo utakula na mukonga ao na mukono?"

"Na mukonga. Mukono nakuachia weye."

Tulicheka, lakini si sana, maana kucheka kulivuta nyuzi. Jambo ambalo hatukulitaja ni kwamba tulianza kufanana. Asubuhi moja binti ya Mama Feza alifika kutoka shambani, akaketi kwenye kitanda cha mama mwingine, akaanza kumpa habari za nyumbani: nani kajifungua, mbuzi gani kapotea. Yule mama alimwacha aseme. Aliitikia kwa kichwa palipohitaji kuitikiwa. Mama Feza mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni anatazama mpaka binti alipomaliza.

Wanangu walikuja kuniona kila hatua. Waliona pua ikiwa haipo, wakaona mkanda, wakaona mkanda ulipokatwa. Yaya hakuweza kupanda pikipiki. Aliambiwa tu, "Saidi anatengenezwa pua." Hakuna aliyefikiria kumwambia kwamba ngozi itahama. Hata mimi wazo hilo halikunijia.

Nikarudi. Niliingia kwa Yaya nikaketi mbele yake, nikanyamaza kama ilivyo desturi, nikampa uso. Vidole vilianza juu, vikakuta mfereji wa mshono kwenye paji. Vikashuka upande wa kushoto wa pua kutafuta kovu. Havikulikuta. Vikapita tena. Kisha vikafika kwenye ncha, juu ya ile alama ngumu, vikasimama hapo. Nami nikamsikia mtu akinigusa paji, ilhali kwenye paji hapakuwa na mkono. Nikashtuka, nikarudisha kichwa nyuma.

Yaya akaondoa mkono. "Nani huyu?"

"Ni mimi, Yaya. Saidi."

"Sauti nasikia. Sauti, mutu anaweza kuichukua. Saidi iko wapi?"

Akafuta vidole kwenye kitenge chake.

Kuanzia hapo alikataa chakula kilichopita mikononi mwangu. Baadaye akakataa chochote kilichopikwa nikiwa nyumbani. Akinisikia nasema uani, anaacha kutafuna. Nilimkumbusha mambo tunayoyajua sisi wawili tu, pipa la mawese, dawa aliyonipaka, kemeo lake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Mufu anajua ile yote." Akakonda, kitenge chake kikawa kinamzunguka kuliko zamani.

Mukamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ambaye ndiye anayetupikia, alijaribu kumsaidia Yaya.

"Koko, bibi yetu, huyu njo Papa Saidi. Mimi nimemuona na macho."

"Weye uliona pua ikikatwa, ukaona ikishonwa, ukazoea kidogo kidogo. Mimi mumeniletea imekwisha. Mukinificha mutu, musiniambie nimemusahau."



Alasiri moja alikuwa amelala mkekani, hana nguvu tena ya kukaa. Niliketi kando yake bila kusema, nikidhani hajanisikia. Mkono wake ukainuka, ukanitafuta uso, kidole kikatua juu ya ile alama kwenye ncha ya pua. Safari hii sikujitikisa. Kilikaa pale muda.

"Baba," akasema. "Umekuja kula?"

Baba yetu alikufa kabla sijaoa. Mukamwana alikuwa mlangoni na sahani, akanitazama. Nafasi ya kutaja jina langu nilikuwa nayo. Nilitazama viganja vya Yaya, jinsi mifupa ilivyokuwa inaonekana.

"Naam," nikasema. "Tule."

Alikula yote.

Imamu wetu ananiambia nimweleze ukweli. Mukamwana ananiambia nimwache ale. Wote wawili wanampenda, na mimi sijaona nani kati yao amekosea.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kidonda kisichopona, hasa juu ya kovu la moto, kipeleke kwa daktari kikiwa bado kidogo. Usingoje harufu ikutangulie. Wakikwambia watakujengea uso, kubali, usiogope mkanda wala sindano. Mimi leo nipo, napumua vizuri. Lakini siku unayoondoka kwenda hospitali, keti na wanaokujua, na zaidi yule asiyeona, asiyesikia, asiyeweza safari. Mwambie nini kitaondoka, nini kitahamia wapi. Mshike mkono, umgusishe mahali hapo. Na ukiwa wewe ndiye unayebaki nyumbani na mzee wa namna hiyo, usimpe habari kwa maneno matatu ukaenda zako. Daktari anashughulika na ngozi. Kazi nyingine ni yenu.

Mungu akulindie uso wako, akulindie na wale wanaoufahamu, na mkono utakaokutafuta gizani ukukute ni wewe.

Yaya amerudisha mwili sasa. Tunakula pamoja kila siku. Ila akimaliza huagiza sahani moja ifunikwe, iwekwe karibu na mlango, ya Saidi, ambaye kwake yeye bado yuko Kasongo. Jana aliniuliza, mimi baba yake, kwa nini mutoto anachelewa hivi.