Siku Mama Aliponyakua Kopo

Watoto wa siku hizi wakiona theluji dirishani wanavuta pazia. Sisi tuliokulia huku Kanada, kwenye maghorofa ya Dixon, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ndege za uwanja wa Pearson zikipita juu ya paa mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, theluji ndiyo ilikuwa sikukuu yetu. Tuliserereka kwenye kilima cha nyuma ya jengo kwa chochote kilichokubali: boksi la friji, mfuniko wa pipa, na siku Mama akiwa kazini, beseni lake la bluu la kufulia. Ole wako alikute lina theluji.

Mnakumbuka tulivyovalishwa? Suruali ya kulalia ndani, ya shule juu yake, soksi mbilimbili, na mifuko ya plastiki ndani ya buti kwa sababu buti zilivuja. Ukishamaliza kuvaa, ndipo haja ndogo inakubana. Baba yeye hakuvaa hata kofia. Alikuwa mtu wa Makete, na kwa maelezo yake hakuna baridi duniani inayoizidi ya Makete. Hawa wa Kanada wanaigiza tu. Aliyasema hayo pua ikimchuruzika.

Nikiwa darasa la tano, mwalimu alitutangazia kwamba Jumamosi kungekuwa na tamasha la maisha ya baridi kwenye bustani moja kubwa kando ya mto. Watu wa kaskazini wangekuja kuonyesha kazi zao za mikono. Tukapanda basi la barabara ya Kipling familia nzima: Baba, Mama, mimi, mdogo wangu Tumaini, na hotpoti la pilau, maana Mama hakuamini kwamba unaweza kualikwa mahali ukashiba.

Kule tulikuta bibi anashona glavu za ngozi kwa sindano nene, na moshi wa kuni umemzunguka wala hajali. Mwingine alikuwa anakaanga mkate kwenye kikaango cheusi. Mama akaonja, akatafuna taratibu kama hakimu, akasema, "Andazi zuri, limekosa iliki tu." Akaomba la pili, na la tatu akalifunga kwenye kitambaa. Wanaume fulani walikaa juu ya barafu wakichungulia kitundu, wanavua samaki. Baba aliwatazama kwa muda, kisha akasema kwao Makete mtu akikaa hivyo ndugu zake wanaitwa.

Mimi sikuyajali hayo. Macho yangu yalikuwa kwenye sleji ya kuserereka, ya mbao nyembamba zilizokunjwa mbele kwa mvuke. Alikuwa ameitengeneza mzee aliyekaa hapo pembeni akisuka viatu vya theluji vipana kama ungo. Ilikuwa zawadi ya mashindano ya moto. Nawaambieni, sijawahi kutaka kitu namna ile. Hata mume sikumtaka hivyo.

Sheria zilikuwa rahisi. Kila familia inapewa gogo, shoka, kiberiti na kopo la maji yenye tone la sabuni ili yatoe povu. Wa kwanza kopo lake kuchemka mpaka likamwagika, ndiye mshindi. Mama alielewa vizuri kabisa. Ndiye aliyemweleza Tumaini mara mbili.

Baba akapasua gogo vijiti vyembamba, akapiga magoti, akapuliza, akapepea kwa mfuniko wa hotpoti. Jirani yetu, Mzungu mwenye ndevu aliyekuja na shoka lake mwenyewe, akaanza kutuangalia kwa wasiwasi. Moto wetu ukakolea. Mama alikuwa anapiga kelele kuliko uwanja mzima: "Chochea, Baba Upendo, chochea!" Kopo likaanza kuimba. Povu likapanda, likafika ukingoni, likatuna kabisa. Mimi nilishajiona nimekaa juu ya sleji.

Mama akainama, akalinyakua kopo motoni, akalipuliza fuu. Povu likanywea.

Upande wa pili, kopo la yule wa ndevu likamwagika chwaa, watu wakapiga makofi.

"Mama Upendo," Baba alisema polepole, "umefanya nini?"

"Lilikuwa linamwagika."

"Si ndivyo lilitakiwa limwagike?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa amtupe mtoto. "Kwa hiyo ulitaka nisimame tu niangalie?"

Nililia kutoka bustanini hadi nyumbani, mpaka Mama akaniambia nichague, ninyamaze mwenyewe au ninyamazishwe. Lakini kesho yake, baada ya kanisa, alishuka nasi kilimani amebeba beseni la bluu. Akajifunga kanga juu ya koti, akakaa ndani ya beseni, akanipakata, tukateremka huku akiita majina yote ya Bwana. Beseni lilipasuka. Mama alicheka mpaka akashindwa kunyanyuka, nami sleji nikaisahau kwa siku nzima.

Miaka ilipita, hata nikawa na mwanangu, Imani. Anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Majira fulani ya baridi nilimpeleka kwenye tamasha lile lile, na Mama tukaenda naye, sasa ana mvi na magoti yanamsumbua, kakaa kwenye kiti amefunikwa blanketi. Nikawasha moto. Povu lilipopanda nikatia mikono mifukoni, nikauma meno, nikaliacha. Likamwagika, tukapewa sleji. Imani akaipiga picha, akauliza kwa Kiingereza kama sasa tunaweza kurudi nyumbani. Mama hakupiga makofi. Alisema tu, "Ukaliacha limwagike. Na macho unayo."

Jioni ile kwangu akasema atatupikia chai mwenyewe. Nilikuwa mlangoni nahangaika na sleji isiyokuwa na pa kukaa, nikaona maziwa yanapanda. Mama alikuwa amesimama pale pale kando ya jiko. Mkono wake ulinyanyuka, lakini ukachelewa. Mama yangu, ambaye enzi zile hakuna kilichothubutu kumwagika mbele yake. Nikaitupa sleji, nikalinyakua sufuria kwa mkono mtupu, nikapuliza. Kiganja kiliungua vibaya.

Mama akanishika mkono, akauweka chini ya bomba la maji baridi, akaushikilia hapo.

"Afadhali," alisema. "Yule binti wa mchana sikuwa namjua."